Viungo vinauma na unameza dawa ya kuyeyusha damu: namna ya kujitunza

Nina vali ya chuma moyoni na ninameza wafarini kila jioni. Kazi yangu ni ushonaji, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, hapa Tanga, na umri umeshavuka hamsini. Magoti yananiuma, bega la kulia linauma, kiuno nacho hakiko nyuma. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu tunaotumia dawa za kuyeyusha damu, kwa sababu ushauri mwingi wa mtaani kuhusu maumivu hutoka kwa watu wasiozitumia. Wanasema kwa nia njema, lakini kinachomfaa mwenye afya ya moyo kinaweza kutumwaga damu sisi.

Nianze na linalonitia hofu kuliko yote. Wapo wanaoacha wafarini siku tatu nne ili wapate nafasi ya kumeza diklofenaki, goti likitulia wanarudi. Usifanye hivyo. Kwa mwenye vali ya chuma, damu inaweza kuganda juu ya vali ikakwama, au bonge la damu likang'oka na kwenda kichwani likaleta kiharusi. Aliyeandikiwa dawa hii kwa sababu mapigo ya moyo wake yanakwenda ovyo, au kwa sababu aliwahi kupata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu, naye yumo hatarini. Usiache dozi, usiipunguze, usiiruke kwa ajili ya maumivu. Wala usikubali yule anayekwambia uvumilie tu kwa kuwa hakuna dawa inayokufaa. Ipo, na yapo mengi ya kufanya hata kabla ya kufika kwenye dawa.

Jiulize kwanza ni maumivu gani

Mtu mwingine akiumwa goti anauliza anywe nini. Sisi tunapaswa kuuliza kwanza: hili ni goti lile lile la siku zote, au ni kitu kipya? Damu yetu haigandi upesi, na inaweza kuvuja ndani ya kiungo au ndani ya msuli bila jeraha lolote kuonekana nje.

Damu ikivujia ndani ya goti, goti huvimba kwa saa chache, linakuwa la moto, linakaza, na hulikunji. Pengine hukuanguka wala hukugonga popote. Ikivujia kwenye msuli wa paja au wa makalio, unaona uvimbe mgumu unaoongezeka, na baadaye ngozi inageuka rangi pale damu ilipovilia. Kuna mahali pabaya zaidi ambapo wengi hawapajui: msuli ulio ndani kabisa ya kiuno unaoshuka hadi kwenye nyonga. Damu ikivujia hapo unahisi maumivu ya kinena au ya kiuno upande mmoja, ukilala huwezi kunyoosha mguu, na paja linaweza kufa ganzi. Watu hudhani ni mgongo wa kawaida wakaomba kuchuliwa. Hayo yote ni ya hospitali siku hiyo hiyo, na ukifika sema mapema kwamba unatumia dawa ya kuyeyusha damu, usisubiri kuulizwa.

Upande wa pili, shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na linauma ukilibonyeza, usidhani ni kukaza kwa msuli tu. Linaweza kuwa bonge jipya, hasa kama uliruka dozi au kipimo chako cha INR, kile kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kilikuwa chini. Usilikande. Nenda.

Halafu kuna maumivu ya mwili mzima pamoja na homa. Kwetu pwani hilo lina majibu mengi. Malaria ni la kwanza, na kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika chache, basi pima kabla ya kumeza chochote. Kuna dengi, iliyotusumbua sana Dar es Salaam na hata hapa Tanga mwaka 2019. Dengi hushusha chembe sahani, zile zinazoziba damu isitoke, na sisi tayari tuna dawa inayochelewesha damu kuganda. Ukiongeza na dawa kama ibuprofeni hapo umeweka hatari tatu mahali pamoja. Kuna pia chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952 huko nyanda za Makonde, kusini mwa nchi yetu, ambao maumivu yake ya viungo huweza kubaki miezi baada ya homa kuisha. Kwa hiyo homa ikiwapo, tegemea parasetamoli peke yake mpaka upimwe. Na ujue kwamba homa yenyewe, pamoja na kutokula vizuri, huweza kupandisha INR, hivyo ukipona nenda kapime.

Maumivu ya misuli pia yanaweza kutoka kwenye mfuko wako mwenyewe wa dawa. Wengi wetu tunapewa dawa ya kushusha lehemu, kama atovastatini. Kwa baadhi ya watu huleta uchovu na maumivu ya misuli ya mapaja na mabega, pande zote mbili. Ikitokea, mweleze daktari, anaweza kubadilisha dozi au dawa. Misuli ikiuma sana na mkojo ukawa wa rangi ya kahawia iliyokoza, hapo usingoje tarehe ya kliniki. Na sisi tunaomeza furosemidi, ile dawa ya kukojoza maji, tunaweza kupungukiwa potasiamu, tukaamka usiku shavu la mguu limekaza kama gogo. Kipimo cha damu kinaonyesha. Usijinunulie vidonge vya potasiamu, kwa sababu ikizidi inaugusa moyo vibaya.

Dawa za maumivu: zipi hapana, ipi ndiyo

Diklofenaki, ibuprofeni, naproksini, meloksikamu, piroksikamu, indomethasini, na aspirini ya kutuliza maumivu: hizi si zetu. Nieleze sababu, maana ukiijua hutashawishika. Dawa hizi zinapunguza ule ute unaolinda ukuta wa tumbo, kwa hiyo kidonda hutokea kwa urahisi. Wakati huo huo zinazuia chembe sahani zisishikane vizuri. Wafarini nayo imeshadhoofisha njia nyingine ya damu kuganda. Kidonda kidogo cha tumbo ambacho kwa mwingine kingejifunga chenyewe, kwetu kinaweza kuvuja kimya kimya mpaka mtu anaanguka. Kunywa baada ya kula hakuondoi hatari hiyo, na dawa ya sindano haikwepi tumbo kama watu wanavyodhani, kwa sababu inafanya kazi kupitia damu. Zaidi ya hapo zinaumiza figo na kuufanya mwili ushike maji, jambo ambalo moyo uliochoka haulihitaji.

Kama daktari wa moyo mwenyewe amekuandikia aspirini ya dozi ndogo pamoja na wafarini, hiyo ni hesabu yake na ana sababu. Endelea nayo. Ninayoikataa ni ile unayojiongezea.

Shida kubwa iko kwenye duka la dawa. Diklofenaki inauzwa ikiwa imechanganywa na parasetamoli katika kidonge kimoja, na vidonge vingi vya kichwa na mafua vinavyouzwa viwili viwili vina aspirini ndani yake. Ukiuziwa vimekatwa kutoka kwenye pakiti huoni maandishi. Mimi huomba kuiona pakiti yenyewe na kusoma yale maandishi madogo nyuma. Ukiona "asetilisalisiliki" au jina lolote katika hayo niliyoyataja, rudisha. Na kabla hujasema unaumwa nini, tanguliza sentensi moja: "Natumia wafarini." Ndugu anayekwenda kukununulia dawa naye aiseme. Kama una hiari, nenda kwenye famasi yenye mfamasia, kwa sababu muuzaji wa duka la dawa muhimu anaweza kuwa mwema sana na bado asijue mambo ya INR.

Yetu ni parasetamoli. Lakini hata hiyo ina mipaka, na hapa ndipo nimeona wenzangu wengi hawajaelezwa. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya haruhusiwi kuzidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8. Kwa anayetumia wafarini, ukimeza kila siku kwa siku kadhaa mfululizo, hasa ukifikia gramu 2 kwa siku na kuendelea, INR inaweza kupanda. Kwa hiyo kidonge kimoja au viwili siku ya shida si tatizo. Ukiona unahitaji kila siku kwa zaidi ya siku tatu nne, iambie kliniki na upime INR ndani ya wiki hiyo. Mwenye ini bovu, mnywaji wa pombe, au mwenye mwili mdogo sana apewe dozi yake na daktari. Na hesabu parasetamoli iliyomo kwenye dawa ya mafua, maana ni ile ile.

Ninavyoitumia mimi: nikijua kuna nguo za harusi na kesho nitakaa kwenye mashine kutwa, nameza kabla ya kuanza kazi, sisubiri mpaka goti lipige kelele. Maumivu yaliyoachwa yakapanda huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha.

Tramadoli ni dawa kali ya cheti, na yenyewe inaweza kupandisha INR na kukufanya uyumbe. Kuanguka kwetu si jambo dogo. Jongo, ule uvimbe wa ghafla wa kidole gumba cha mguu, kwa kawaida hutibiwa kwa dawa kama indomethasini, lakini kwetu daktari huchagua njia nyingine, kama kolchisini au predinisoloni ya muda mfupi, na huangalia INR. Alopurinoli ya kuzuia jongo nayo inaweza kugusa wafarini. Sindano ya kuingiza dawa ndani ya goti inawezekana kwa wengi wetu bila kuacha wafarini, INR ikiwa mahali pake, ila ni uamuzi wa daktari anayejua historia yako. Sindano ya maumivu ya kwenye makalio ikatae, kwa sababu pale panapochomwa damu inaweza kuvilia ndani ya msuli.

Wanaotumia dawa mpya za kuyeyusha damu, rivaroksabani au apiksabani, msidhani haya hayawahusu. Hampimi INR, lakini diklofenaki na ndugu zake ni hatari kwenu vile vile. Na sisi wa vali ya chuma tusitamani kubadilishiwa, dawa hizo mpya hazifai kwa vali zetu.

Kuchuliwa, hijama na dawa za kupaka

Kuchuliwa kwa nguvu, kwa viwiko na magoti ya mchuaji, hakutufai. Msuli unachanika kidogo kidogo ndani, na kesho yake umevimba na kuwa mweusi. Kupapaswa kwa mkono laini na mafuta ya nazi ya vuguvugu ni sawa, na mimi hulipenda sana hilo kwenye bega. Mwambie anayekushika asibonyeze kwa kidole gumba wala kigongo, na asiguse mahali penye uvimbe mpya.

Hijama najua ina heshima yake kwetu, na wengi tumelelewa tukiona wazee wakiumikwa. Lakini hijama ya kuchanja na chale za dawa ni kukata ngozi ya mtu ambaye damu yake haikatiki upesi. Siziruhusu mwilini mwangu, na nakuomba usiziruhusu. Hata ile ya kuvuta bila kuchanja huacha damu imevilia.

Dawa za kupaka zenye harufu kali ya kupoza na kuchoma nyingi zina methili salisilati, jamaa wa aspirini. Ukipaka kidogo mara moja moja si kitu, ukipaka goti zima, mgongo mzima, mara nyingi kwa siku, inaingia kwenye damu na INR inapanda. Jeli ya diklofenaki ya kupaka huingia mwilini kidogo kuliko kidonge, na kuna madaktari wanaoiruhusu kwa goti moja kwa siku chache. Uliza kwanza. Usipake dawa halafu ukaweka kitu cha moto juu yake.

Tangawizi kwenye chai, manjano na kitunguu saumu kwenye mchuzi, endelea kula kama ulivyozoea. Kinachonitia shaka ni vidonge vya manjano, unga wa tangawizi wa kijiko kwa kijiko, na chupa za mchanganyiko wa mizizi zisizoandikwa kilichomo. Mlonge nao una vitamini K nyingi kwenye majani, kama ilivyo kwa kisamvu, matembele na mchicha. Vitamini K inashusha nguvu ya wafarini. Mboga hizo si adui. Kula kiasi kile kile wiki hadi wiki, usile mlonge kutwa mara tatu kwa sababu umesikia unatibu viungo.

Kazi ya mikono yako mwenyewe

Hapa ndipo mimi nimepata nafuu kubwa, kuliko kwenye kidonge.

Kwa goti la siku zote, lisilovimba ghafla, joto linasaidia. Chovya taulo kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa mkono, kamua, funika goti dakika 15 hadi 20, asubuhi kabla ya kazi. Lakini kama umejigonga au umetegua kifundo, siku mbili za mwanzo hakuna joto, kwa sababu joto linaongeza damu mahali pale. Hapo ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15, unaondoa, unarudia baada ya saa mbili. Bandeji isiyobana sana. Na mguu uinuliwe juu ya mto.

Kisha mazoezi. Kaa kwenye kiti kigumu, mgongo umenyooka. Nyoosha mguu mmoja mbele, vuta vidole vikuelekee, hesabu mpaka tano, shusha polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Unaimarisha msuli wa mbele wa paja, ambao ndio unaolibeba goti. Wiki za mwanzo huoni kitu. Mimi niliona tofauti kwenye ngazi kwanza, ndipo kwenye mashine. Kwa bega, simama ukitazama ukuta, tambaza vidole kwenda juu mpaka panapoanza kukataa, kaa hapo kidogo, rudi. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Yakibaki mpaka kesho yake, umezidisha, punguza. Hospitali nyingi za mkoa zina idara ya fiziotherapia, na ukipewa rufaa usiidharau kwa kuwa hawatoi dawa.

Fimbo ya kutembelea hushikwa mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma. Goti la kushoto, fimbo mkono wa kulia. Watu wengi huishika kinyume, na ikawa haiwasaidii.

Uzito nao. Kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Kilo tatu tu si jambo la kudharau.

Nyumbani punguza kuchuchumaa. Nilibadilisha kigoda cha jikoni nikaweka meza, nafua nimesimama ndoo ikiwa juu ya benchi, na nimewekewa mahali pa kushika chooni. Kwenye swala nakaa kwenye kiti, na dini yetu imeruhusu hilo kwa asiyeweza. Kwenye cherehani nimeinua kiti ili goti lisikunjwe kupita kiasi, na kila baada ya nusu saa hivi nasimama, natembea mpaka mlangoni. Mkeka unaoteleza, waya uliopita katikati ya chumba, ndala zilizokwisha nyayo: ondoa vyote hivyo. Ukianguka ukagonga kichwa, nenda hospitali hata kama hujisikii chochote, kwa sababu damu ndani ya kichwa inaweza kuchelewa kujionyesha.

Kipimo na daftari

INR ya asiyetumia dawa ni karibu 1. Wengi wanaotumia wafarini wanatakiwa wawe kati ya 2 na 3. Sisi wenye vali ya chuma ya mitro, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, kwa kawaida ni 2.5 hadi 3.5. Jua namba yako. Mimi nina daftari dogo lenye tarehe, INR, dozi, na pembeni naandika kila kitu kipya: "parasetamoli siku tano", "septrini", "Ramadhani imeanza". Flajili, septrini na siprofloksasini zinapandisha INR sana, kwa hiyo ukiandikiwa mojawapo mkumbushe daktari. Namba ikiyumba, daktari akisoma pembeni anaona sababu.

Jirani akikwambia wafarini ni sumu ya panya, asikutishe. Ni kweli ilianza kuuzwa kwa kazi hiyo Marekani mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu. Mwaka 1955 alipewa hata Rais Eisenhower baada ya shambulio la moyo. Dozi na kipimo ndivyo vinavyoitofautisha dawa na sumu.

Ukiona choo cheusi chenye kunata, matapishi ya rangi ya kahawa, mkojo mwekundu, damu ya pua au fizi isiyokatika, kichwa kuuma kwa namna ambayo hujawahi, au mdomo na mkono kulegea upande mmoja, acha kila unalofanya uende hospitali, usiku au mchana. Beba daftari.

Na kliniki ikikubadilishia au kukuongezea dawa yoyote ya viungo, usiondoke pale kabla hujapewa tarehe ya kupima INR. Kwa kawaida ni ndani ya siku tatu hadi saba. Wakisahau, iulize wewe.